Jua la Februari na kinachotokea chini ya karanga

Februari ikifika katikati, simu yangu hujaa picha za majani. Zinatoka kwa watu wenye mashamba Kongwa, Chamwino na Bahi. Wengine ni wafanyakazi wa serikali waliohamia Dodoma, wakanunua ekari chache Buigiri au Mvumi, na sasa wanajifunza kulima kwa kumwangalia jirani. Ujumbe wao unafanana: "Dada, karanga zimelala, mvua imekata. Niache au ning'oe nipande kitu kingine?" Na picha karibu zote zimepigwa saa nane mchana.

Mimi huomba kwanza picha nyingine, ya saa kumi na mbili alfajiri. Karanga, kunde, maharage na mbaazi zote zina kifundo kidogo chini ya kikonyo cha jani, na kila kijijani nacho kina chake. Kifundo hicho hujaa maji au hupungua, na kwa njia hiyo jani hugeuka. Jua linapokuwa kali na maji ni haba, kunde hugeuza majani yake yatazamane na jua kwa ukingo, na karanga hukunja vijijani vyake viwili viwili mpaka shamba lote linaonekana limekonda. Mmea hapo unajikinga. Ukifika alfajiri ukakuta majani yamefunguka na yamesimama, mizizi bado inapata maji usiku na huna sababu ya kung'oa. Ukiyakuta yamelegea hata alfajiri, hapo tuna mazungumzo mengine.

Nimekulia Kongwa, nikasoma kilimo Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) pale Morogoro, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekuwa afisa ugani huku huku kanda ya kati. Mama yangu bado analima. Kwa hiyo ninayoandika hapa nimeyapata kwa njia mbili, na ninayathamini yote mawili kwa usawa: ya darasani na ya mama. Mwaka mmoja jua lilipowaka wiki nyingi mfululizo, nilimkuta kakaa kivulini anachambua mboga, hana papara.

"Shikamoo mama. Mbona huna wasiwasi na zile kunde?"

"Marahaba mwanangu. Kunde anajua kusubiri. Anayenikosesha usingizi ni karanga, maana yeye anataka udongo laini siku anapoingiza watoto wake chini."

Sijasikia mhadhara wa chuoni uliofika kwenye kiini cha jambo hili kwa haraka kama hivyo.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Huanza Desemba na kuishia Aprili, na kwa mwaka mzima tunapata takriban kati ya milimita 500 na 600. Mtu akisikia kiasi hicho anaweza kusema kinatosha karanga, na kweli kingetosha kama kingegawanyika vizuri. Shida ni pengo la katikati. Miaka mingi mvua hunyesha vizuri mwanzoni, kisha hukata mwishoni mwa Januari au ndani ya Februari, halafu hurudi Machi. Sasa hesabu mwenyewe: karanga za muda mfupi huanza kutoa maua takriban mwezi mmoja baada ya kupandwa. Aliyepanda wakati wa Krismasi ana maua shambani mwishoni mwa Januari, na siku zinazofuata ndizo za kushusha vikonyo ardhini, yaani zile sindano zinazotoka kwenye ua na kuingia udongoni ili ganda lijae huko. Pengo linamkuta hapo hapo.

Ndiyo maana mtu akiniambia "ukame umepiga karanga zangu" namuuliza: wiki ya ngapi tangu upande? Ukame wa wiki ya tatu, kabla ya maua, karanga huusamehe. Mizizi huchimba chini zaidi kufuata unyevu, shina hubaki fupi, na mvua ikirudi maua hutoka mengi kwa pamoja. Wakulima wengi wameona shamba lililoteseka mapema likitoa mavuno mazuri kuliko walivyotarajia. Ukame ule ule, wenye urefu ule ule, ukija wakati wa maua na vikonyo, unaondoka na gunia zako.

Nieleze kwanza kinachotokea ndani ya jani, kwa sababu mengine yote yanaanzia hapo. Jani lina vitundu vidogo mno viitwavyo stomata. Kupitia hivyo mmea huingiza hewa ya ukaa ya kutengenezea chakula, na kupitia hivyo hivyo hupoteza maji. Udongo unapoanza kukauka, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki, kwenye mizizi na kwenye majani yenyewe, na homoni hiyo huamuru stomata zifunge. Maji yanaokolewa, lakini hewa ya ukaa nayo inazuiwa, na usanisinuru unapungua. Wakati huo huo jani linapoteza njia yake ya kujipoza, kwa kuwa mvuke unaotoka ndio unaoliweka baridi. Jaribu mwenyewe saa nane mchana: gusa jani la kunde lililo kwenye udongo wenye unyevu, halafu gusa la kwenye udongo mkavu. La pili ni la moto. Jua nalo halipunguzi mwanga kwa sababu mmea umefunga. Nishati inayoingia na kukosa kazi huzalisha ndani ya jani aina za oksijeni zinazounguza chembe hai. Jani likizidiwa kwa siku nyingi, kingo zake hukauka, na mmea huanza kuyaachia majani ya chini ili ubaki na machache unaoweza kuyanywesha.

Ukuaji wenyewe husimama mapema kuliko yote haya. Chembe ya mmea hukua kwa kusukumwa na maji yaliyo ndani yake, na msukumo ukipungua kidogo tu, jani jipya hutoka dogo. Mtu asiyepima hawezi kuligundua hilo kwa macho, kwa sababu shamba bado ni la kijani. Kwa hiyo mmea unaweza kuwa umeshapoteza wiki nzima ya kukua kabla hujaona jani lolote limelegea.

Kila zao la jamii ya kunde lina tabia yake hapa. Kunde hufunga stomata mapema sana, udongo ukiwa umekauka kidogo tu, na hivyo hulinda maji ya mwilini mwake. Huachia maua, na baadhi ya maganda machanga, kisha hukaa. Mvua ikirudi huchanua tena. Huko ndiko kusubiri alikokusema mama. Mbaazi huenda njia nyingine: mwanzoni hukua taratibu mpaka mgeni anaidharau, kumbe inazamisha mzizi. Mtama na uwele vikishavunwa, yenyewe inaendelea kunywa unyevu wa chini na kuchanua wakati mvua imekwisha kabisa. Nasikitika kwamba watu wengi walikata tamaa na mbaazi tangu mwaka 2017, India ilipobana uagizaji na bei ikaanguka huku kwetu, kwa sababu kwa upande wa maji sijui zao linalofaa ardhi yetu kuliko hilo. Njugu mawe nazo ni wavumilivu wakubwa, na zinastahili nafasi zaidi ya ule mstari mmoja wa pembeni zinaopewa na bibi zetu.

Maharage ni habari tofauti. Mizizi yake haiendi mbali, maua yake hudondoka upesi joto na ukame vikikutana, na hayana subira ya kunde. Kule milimani Rubeho upande wa Mpwapwa, au kwenye miinuko ya Kondoa, yanafanya vizuri. Ukiyalazimisha kwenye tambarare za Bahi bila umwagiliaji, unacheza kamari na ada za watoto. Nasema hivi nikijua kuna watakaonichukia, maana maharage yana soko zuri na watu wanayatamani.

Turudi chini ya ardhi, kwenye sehemu ambayo haionekani kwenye picha yoyote ninayotumiwa.

Chimbua mche mmoja wa kunde taratibu kwa jembe dogo, usiung'oe kwa kuvuta, maana vinundu vitabaki ardhini. Utaona vinundu vidogo kwenye mizizi. Humo wanaishi bakteria aina ya raizobia, wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe chakula cha mmea, nao mmea unawalipa sukari. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, kinafanya kazi. Rangi hiyo inatokana na legihemoglobini, ndugu wa kile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu, na kazi yake ni kuwagawia bakteria oksijeni kwa kipimo. Kikiwa kijani au kijivu, kazi imekwisha.

Katika ukame vinundu mara nyingi huanza kulegea kabla ya majani. Sukari inayoshuka kutoka juu hupungua, oksijeni hupita kwa shida, na kuna jambo la tatu ambalo mimi hulipenda kwa sababu linaeleza tofauti ninayoiona shambani. Kunde na soya husafirisha naitrojeni yao kutoka kwenye vinundu kwa umbo la yureidi. Mmea ukikosa maji, yureidi hujazana bila kutumika, na ule mlundikano huambatana na vinundu kupunguza kazi. Karanga na dengu husafirisha kwa umbo jingine, amidi, na kwa kawaida vinundu vyao huhimili ukavu zaidi. Kwa hiyo kunde inayosifiwa kwa uvumilivu wa majani yake, chini inaweza kuwa imesimamisha kiwanda mapema kuliko karanga ya jirani inayoonekana kulegea.

Hili lina maana kwa mfuko wa mkulima. Tunawafundisha watu kwamba kunde hurutubisha shamba, kwamba mtama utakaofuata utanufaika. Katika mwaka wa ukame naomba tusiseme hivyo bila kupasua vinundu kwanza. Kama vilikufa Februari na punje chache zilizopatikana zimebeba naitrojeni iliyokuwepo, shamba halijaongezewa kitu cha maana, na mtama wa msimu ujao usipangiwe samadi pungufu kwa matumaini hayo.

Sasa karanga yenyewe. Ua lake huchanua juu, dogo, la njano. Likishachavushwa, hutoka kikonyo chembamba kama sindano, kikielekea chini, na ncha yake ndiyo iliyobeba mimba ya punje. Ncha hiyo lazima iingie ardhini ndipo ganda lianze kujaa, kwa kuwa karanga hujaa gizani. Udongo wa juu ukiwa umekauka na kushika kama sakafu, kikonyo hugota, hukauka, hufa. Mmea unaweza kuwa na mizizi inayofika kwenye unyevu wa kutosha chini, majani ya kijani kibichi, maua mengi, na usivune kitu. Nimesimama kwenye mashamba ya namna hiyo na wenye nayo wakiwa wamejaa furaha, wakinionyesha ukijani, na nikakosa namna ya kuwaambia.

Watu wa Kongwa tunalijua hili kwa historia. Mwaka 1947 Waingereza walianza pale ule mradi mkubwa wa karanga, wakitafuta mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Walileta mashine nyingi, yakiwemo matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mvua haikwenda walivyotarajia, na udongo wenye mfinyanzi ulikuwa ukikauka unakaza mpaka kung'oa karanga zilizokomaa kukawa kazi ngumu. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Wengi husimulia kisa hiki kama hadithi ya mashine zilizoharibika na uongozi mbovu, na hayo yalikuwepo. Mimi nikikipitia naona zaidi udongo wa juu, zile sentimita chache ambamo kikonyo huingia na ganda hulala. Bibi zangu walizijua, wakaweka karanga zao kwenye vipande vya kichanga tu.

Kuna jambo jingine kwenye zile sentimita chache. Ganda la karanga hunyonya kalsiamu yake lenyewe, moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaolizunguka. Kalsiamu husafiri ndani ya mmea pamoja na maji yanayopanda kwenda kwenye majani yanayotoa mvuke. Ganda lililo ardhini halitoi mvuke, kwa hiyo halipelekewi. Udongo unaolizunguka ukiwa mkavu, kalsiamu haiyeyuki wala haisogei, hata kama imejaa tele. Matokeo yake ni yale mapepe: unavunja ganda zuri kabisa, ndani hamna kitu, au mna punje iliyosinyaa. Wapo wanaonunua jasi ili kuongeza kalsiamu, na jasi si mbali, inachimbwa Itigi. Ni jambo jema kwenye udongo wenye upungufu, ila iwekwe wakati wa maua na unyevu ukiwepo. Jasi iliyomwagwa juu ya vumbi hukaa hapo kama vumbi.

Ukame wa mwisho wa msimu, Machi mwishoni au Aprili, una ubaya wake, na huu naomba usomwe kwa makini na kila mwenye watoto nyumbani. Punje zikiwa zinakaribia kukomaa, udongo ukiwa mkavu na wa joto, kuvu wa Aspergillus huingia kwenye maganda kabla hata hujavuna. Karanga yenye maji ya kutosha hutengeneza kinga zake dhidi ya kuvu. Punje inavyopoteza maji, uwezo huo hupungua, lakini kuvu bado anaweza kukua. Ndipo sumukuvu inapotengenezwa. Mwaka 2016 watu walifariki kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi ndiyo yaliyohusishwa zaidi na msiba ule, lakini sumu ni ile ile, na karanga ni mwenyeji wake mkubwa.

Kwa hiyo karanga zikikomaa kwenye ukavu, zivunwe, zisisubiri mvua ya kulainisha udongo. Chambua punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na mchwa, na uzitupe. Najua uchungu wa kutupa chakula mwaka wa njaa. Lakini tabia ya kuzipeleka hizo mbovu kwenye karanga za kusaga, zile zinazotiwa kwenye uji wa mtoto, inaniumiza sana, kwa sababu tunampa mdogo kuliko wote kilicho kibaya kuliko vyote. Wala usizilowanishe karanga ili ziwe rahisi kumenya. Unamkaribisha kuvu kwa mkono wako.

Shambani, cha kwanza ni tarehe ya kupanda. Wengi hupanda mtama na mahindi kwanza, karanga zinapata nafasi mikono ikiwa imechoka, wiki tatu baadaye. Wiki hizo tatu ndizo zinazosogeza maua kwenye pengo. Kama una eneo la kutosha, gawa: kipande kimoja na mvua ya kwanza ya kupandia, kingine wiki mbili baadaye. Mama hufanya hivyo kila mwaka na karibu kila mwaka kipande kimoja humlipa kingine. Mbegu ya muda mfupi husaidia pia. Pendo, iliyotoka mwaka 1998 kupitia kituo cha Naliendele kule Mtwara, hukomaa kwa takriban siku 90 hadi 100, na huku kwetu imeshakuwa mwenyeji.

Cha pili ni kuyazuia maji yasikimbie. Mvua zetu hushuka kwa fujo, nusu saa mto umejaa na shamba limekauka. Matuta yaliyofungwa, yaani matuta yenye vizuizi vidogo vya udongo kwenye mifereji kila baada ya hatua chache, huyafanya maji yakae yanywewe. Wenzetu wa Chololo wana vishimo vyao vya kupandia vinavyojulikana kwa jina la kijiji chenyewe, na ukivitazama Februari utaona tofauti ya rangi ukiwa bado barabarani. Palizi ifanyike kabla ya vikonyo kushuka, udongo ukiwa umetifuliwa vizuri karibu na shina. Vikonyo vikishaingia, weka jembe chini, ng'oa magugu kwa mkono.

Kuhusu mboga ya kunde, naulizwa sana kama kuchuma majani kunaua mavuno. Kuchuma kwa kiasi mche ukiwa mchanga hakuna madhara makubwa, na hayo majani yaliyokaushwa juani ndiyo yanayotulisha na ugali wa uwele miezi ya kiangazi. Ila mche ukishaanza maganda katikati ya ukame, kila jani lililobaki linalisha punje. Nawashauri watenge mistari ya mboga na mistari ya kunde za kukauka.

Na mbegu. Msimu wenye ukame hutoa punje nyembamba, zenye akiba ndogo ya chakula, na mtu akizipanda mwaka unaofuata humea kwa udhaifu hata mvua ikiwa nzuri. Karanga ni rahisi kuumia zaidi, kwa sababu punje iliyokosa kalsiamu inaweza kuonekana nzima na isiote. Chagua mbegu kwenye mashina yaliyojaza maganda katikati ya jua lile lile lililowashinda wengine, zihifadhi zikiwa ndani ya maganda yake, na uzimenye karibu na kupanda. Novemba, kabla ya mvua, hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, zikae ndani kwa wiki moja hivi. Zikiota 80 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiwa chini kidogo, ongeza mbegu kwenye kila shimo. Zikiwa chini ya nusu, tafuta mbegu nyingine mapema, wakati bado ipo na bei haijapanda.